Salamu za Juu ya Ukuta

Fundi Gaudens alipokaza skrubu ya mwisho kwenye dari ya chumba cha Mama Mdogo, alishuka ngazi, akajifuta vumbi jeupe kwenye nyusi, akaangalia juu kama mtu anayeangalia mwezi mwandamo.

"Sista," akasema, "mama yako akirudi atadhani kakosea nyumba."

Rukaiya alicheka kicheko chake kile cha kuziba mdomo kwa kiganja. Alitaka kumwambia fundi kwamba kazi ni nzuri kuliko alivyoiwaza, lakini maneno ya namna hiyo kwake yalikuwa mazito kutoka. Akaishia kusema, "Imenyooka."

"Kitu kimoja nakuuliza tena kabla sijapiga rangi. Hapa ukutani, chini ya dari, baina ya chumba chako na cha mama. Niache upenyo kidogo? Nyumba zetu hizi zimezoea kupumua."

"Ziba kabisa, fundi. Vumbi la upande mmoja lisiende wa pili."

"Sawa. Nyumba yako, amri yako," akasema Gaudens, akachukua kisu cha kusawazishia lipu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya siku nyingi, Tandika, mtaa wa pili kutoka sokoni. Marehemu Jabiri, baba yake Rukaiya, aliijenga kidogo kidogo enzi za udereva wake wa malori: korido katikati, vyumba viwili huku na viwili huku, uani jiko na choo. Kama nyumba nyingi za rika lake, haikuwa na dari. Kuta za vyumba zilipanda futi nane zikaishia hapo, na juu yake palikuwa wazi mpaka kwenye kenchi na bati. Ukipiga chafya chumba cha mbele, aliye chumba cha nyuma anakuombea rehema. Mvua ikinyesha, watu wanaongea kwa ishara. Na jua la Januari likiwaka, bati linashusha joto pamoja na masizi, kutu na kinyesi cha popo.

Ni hayo masizi yaliyomfanya Rukaiya aanze kuwaza dari. Alikuwa mtaalamu wa maabara kwenye zahanati moja huko Temeke. Kila alipomsikia Mama Mdogo akikohoa alfajiri, kikohozi kirefu cha kukwangua, alijua fika kwamba dawa peke yake haitafua dafu. Daktari naye alilisema waziwazi: mama huyu anavuta uchafu wa paa lake mwenyewe. Basi Rukaiya akajibana mwaka mzima, akamtafuta Gaudens, Mhaya mmoja mpole mwenye sifa ya kumaliza kazi anayoianza, na Mama Mdogo akapelekwa Kigamboni kwa mdogo wake, Bi Nusaiba, wiki tatu.

Lakini kikohozi kilikuwa nusu tu ya sababu. Nusu ya pili Rukaiya hakumwambia mtu.

Alifika nyumba ile akiwa na miaka saba, mama yake mzazi akiwa amezikwa Mkuranga wiki moja kabla. Bi Mwanaasha alikuwa mke wa baba yake, mwanamke asiyejaaliwa mtoto, na hakuwa amewahi kumwona yule binti hata siku moja. Alimpokea mlangoni akamwambia, "Mie mama yako mdogo. Karibu kwenu." Rukaiya hakujibu. Hakujibu siku hiyo, wala wiki hiyo, wala iliyofuata. Akisemeshwa aliangalia vidole vyake vya miguu. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba mtoto ana shetani, apelekwe kwa mganga.

Mama Mdogo hakumpeleka kokote. Jioni moja, kila mtu akiwa chumbani kwake, sauti yake ilipita juu ya ukuta, taratibu, kama mtu anayejisemea.

"Leo nimekula muhogo wa nazi. Sijui wenzangu huko shuleni wamekula nini."

Kimya. Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Siku ya tano, kutoka upande wa pili, sauti ndogo kama ya kifaranga ikasema, "Maharage."

"Yameiva?"

"Hayajaiva."

"Ndiyo maana unajamba," akasema Mama Mdogo, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile mtoto akacheka.

Tangu hapo ukuta ukawa wao. Yale ambayo Rukaiya hakuweza kuyasema uso kwa uso, na yalikuwa mengi, aliyasema chumbani kwake akiangalia bati: kwamba mwalimu kamchapa, kwamba damu imetoka na anaogopa, kwamba amepata nafasi ya chuo. Na kila alfajiri, baada ya swala, kabla pazia la mlango halijafunguliwa, Mama Mdogo aliuliza, "Umeamka?" naye akajibu, "Shikamoo, Mama Mdogo." "Marahaba, mwanangu." Ikishatoka hiyo imetoka. Katika nyumba ile mtu hakuamkia mara mbili. Alipokuwa mdogo aliwahi kurudia uani, Mama Mdogo akamwambia, "Nimeshaitikia. Shikamoo siyo chumvi, uiongeze kila ukipita jikoni."

Jabiri alipofariki, Rukaiya alikuwa kidato cha pili. Ndugu wa marehemu walisema Bi Mwanaasha bado ana nguvu zake, anaweza kurudi kwao akaolewa, na mtoto atachukuliwa na shangazi. Bi Mwanaasha aliwapikia pilau, wakashiba, akawasindikiza hadi barabarani. Kesho yake akaanza kuchoma vitumbua. Vitumbua hivyo vilimpeleka Rukaiya mpaka akavaa koti jeupe la maabara.

Na kwa yote hayo Rukaiya hakuwahi kusema ahsante. Ahsante ya chai na ya kanga ya sikukuu alisema. Ile kubwa hakuisema. Kila alipoijaribu aliishia kusema jambo jingine. Dari hii, marumaru hizi, rangi hii ya maziwa, vitasa hivi na milango ya mbao badala ya mapazia, vyote vilikuwa ahsante yake. Na safari hii alikuwa ameandaa na maneno. Aliyafanyia mazoezi kazini mbele ya jokofu la dawa: "Mama Mdogo, ulinipokea sijui hata kuongea. Kila nilichonacho kimepita mikononi mwako. Ahsante."

Ijumaa Mama Mdogo akarudi. Alivua viatu mlangoni kama anayeingia msikitini. Alipitisha kiganja ukutani, akajitazama kwenye marumaru, akaingia chumbani kwake, akainua uso.

"Bati limekwenda wapi?"

"Lipo, Mama Mdogo. Limefichwa tu."

"Na panya?"

"Panya hawapo."

"Au nao umewaficha?" Akacheka, kisha macho yakamjaa. Feni mpya ilizunguka juu yake, ikampeperusha ncha ya mtandio. "Ruki. Mwanangu. Mie nimestahili nini haya yote?"

Hapo ndipo penyewe. Rukaiya alifungua mdomo. Maneno yote aliyoyapanga mbele ya jokofu yalikuja mpaka kwenye meno, yakapanga mstari, yakagoma.

"Kuna chai," akasema, akakimbilia jikoni.

Alfajiri ya kwanza Rukaiya aliamka, akaswali, akalala chali akiangalia dari yake nyeupe. Akasubiri "Umeamka?" Haikuja. Akajipa moyo kwamba mama kachoka na safari, akatanguliza mwenyewe. "Shikamoo, Mama Mdogo."

Feni ilizunguka. Hakukuwa na marahaba.

Akasubiri. Akarudia, kwa ile sauti yake ndogo. Kimya.

Alipotoka uani kumuaga, Mama Mdogo alikuwa ameinamia chungu cha vitumbua. Aliinua uso, akamtazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kama anayengoja kitu.

"Naenda kazini," akasema Rukaiya.

"Haya," akasema Mama Mdogo, akageuza kitumbua.

Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Mtu mzima kunyimwa shikamoo ni fedheha, lakini mtoto kunyimwa marahaba ni adhabu. Maana yake kuna kosa umelifanya na mwenye haki yake hajasamehe. Rukaiya alijitafuta kosa mpaka kichwa kikamuuma. Labda alikosea kutupa lile kabati la marehemu lililoliwa na mchwa. Labda hakupaswa kumwondoa mama nyumbani kwake kama mgeni. Labda, na hili lilimchoma kuliko yote, Mama Mdogo aliona majivuno ndani ya hii rangi na hizi marumaru: mtoto wa kufikia anamwonyesha kwamba nyumba sasa ina mwenyewe.

Kikohozi kilikuwa kimepungua, hilo aliliona. Lakini nyumba ilipoa. Jioni walikula, wakaulizana habari za kutwa, wakasifu samaki, kisha kila mtu akaingia chumbani na kufunga mlango wake mpya. Mlango ulifunga vizuri sana.

Jumatano jioni feni za vyumba vyote viwili zilianza kuyumba. Rukaiya akampigia Gaudens, na Alhamisi mchana, Rukaiya akiwa na zamu ya mapumziko, fundi akaja na ngazi yake.

"Kosa langu," akasema baada ya kuchungulia. "Feni zote mbili nimezining'iniza kwenye mbao moja inayopita juu ya ukuta. Ikitikisika hii na ile inacheza. Lazima nifungue bodi moja huku na moja kwa mama, niongeze mbao."

Akazima umeme, akafungua bodi chumbani kwa Mama Mdogo aliyekuwa uani, akaja akafungua na chumbani kwa Rukaiya. Shimo jeusi la ukubwa wa meza ndogo likabaki juu, na bati likaonekana kwa mbali. Kisha akapekua mfuko wake wa vifaa, akasonya. "Nimebeba skrubu fupi. Ngoja nifike dukani mara moja."

Rukaiya akakaa kitandani. Feni zikiwa zimezimwa, nyumba ilikuwa kimya kama zamani. Akasikia mlango wa chumba cha pili ukifunguliwa, kitanda kikilalamika, na mlio wa simu. Mama Mdogo simu yake huiweka sauti ya nje siku zote, kwa sababu anasema ile ya sikioni inamtekenya.

"Enhe, dada," ikasema sauti ya Bi Nusaiba kutoka Kigamboni. "Jumba lako linasemaje?"

Rukaiya alishtuka. Sauti ilikuwa wazi kana kwamba bibi huyo ameketi juu ya kabati.

"Jumba zuri, mdogo wangu. Kifua kimetulia, nalala mpaka naota. Wanakuja majirani kuona, Mama Hope kaja mara tatu, kila akija analeta na mwenzake. Nimekuwa makumbusho."

"Sasa mbona sauti imekunyong'onyea?"

"Mtoto haniamkii tena."

"Ruki? Ruki yupi?"

"Huyuhuyu. Leo siku ya sita. Asubuhi namuuliza umeamka, kimya. Nauliza tena, kimya. Baadaye ananipita uani: naenda kazini. Basi."

"Haa! Si umuulize?"

"Nimuulize nini, Nusaiba? Mtu kakujengea hivi, halafu umkalishe chini umdai shikamoo? Ataona namsimanga. Labda kakua. Labda kuamkiana kwa kupiga kelele ukutani kaona mambo ya uswahilini, na nyumba sasa siyo ya uswahilini. Ana haki. Mie miaka yote sikumlea anilipe. Lakini, Nusaiba, ile sauti yake ya asubuhi ndiyo ilikuwa inaniamsha mie. Siyo adhana."

Rukaiya alikuwa amesimama bila kujua amesimama lini. Alitazama lile shimo la dari, na ghafla akaona kila kitu: ukuta wa futi nane, bodi iliyokaa juu yake kama mfuniko, na sauti yake mwenyewe ya "ziba kabisa, fundi."

Akainua uso kuelekea kwenye bati.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

Upande wa pili kitu kilianguka, bila shaka simu.

"Nani huyo?"

"Mie."

"Uko wapi?"

"Chumbani kwangu."

Kisha, taratibu, kama mtu anayejaribu kiti kipya kama kitambeba: "Marahaba."

"Nilikuamkia," akasema Rukaiya, na maneno yakaanza kukimbia yenyewe kwa vile alikuwa anaangalia bati. "Siku zote, Mama Mdogo. Nilikuamkia kila siku, ukawa huitikii. Nikajua umenikasirikia. Nikajua ni kabati la baba."

"Kabati gani? Lile la mchwa? Hilo ungelitupa miaka kumi iliyopita! Na mie nilikuwa nakuita kila asubuhi!"

"Sikusikia."

"Hukusikia?"

"Sikusikia hata moja."

"Jamani," ikasema sauti ya Bi Nusaiba kutoka sakafuni, "mie bado nipo hewani, msinikatie. Mmezibwa na nini huko?"

Gaudens akarudi na pakiti yake ya skrubu, akawakuta wanawake wawili kila mmoja mlangoni kwake, wakitazamana koridoni, mmoja ameshika simu inayoongea peke yake.

"Fundi," akasema Mama Mdogo, "panda ngazi. Ishike ile bodi uirudishe mahali pake, nataka kujaribu kitu."

"Bila skrubu, mama?"

"Kwa mikono. Wewe si mwanamume?"

Akaenda kwanza upande wa Mama Mdogo, akaibana bodi ya huko kwa vipande vya mbao. Kisha akapanda upande wa Rukaiya, akainyanyua ya huku kwa viganja viwili, akaibana shimoni, shingo imempinda. Milango ikafungwa. Rukaiya akasema shikamoo kwa sauti yake ya kila siku. Hakuna kitu. Akarudia. Hakuna.

"Shusha, fundi."

Gaudens akashusha, akaenda akaondoa na ile ya pili.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba! Alhamdulillahi, marahaba! Mara sita, za siku zote sita!"

Fundi akarudi, akaketi juu ya ngazi, akaangalia ukuta, akaangalia dari, akaanza kucheka mpaka ngazi ikatikisika. "Sista, mie nilikuuliza. Nilisema nyumba hizi zimezoea kupumua."

"Uliuliza," akakiri Rukaiya. "Hukusema zimezoea kuongea."

"Sasa nibomoe?"

"Usibomoe!" Mama Mdogo alidakia kutoka upande wake. "Ukibomoa dari yangu nakuchoma na mafuta ya vitumbua. Kifua changu kimepona humo."

Wakapatana. Gaudens angetoa mstari mmoja wa matofali juu ya ukuta, chini tu ya dari, aweke yale ya urembo yenye matundu ya maua. Vumbi la paa lingebaki lilipo, juu ya zile bodi za jipsamu za dari, na sauti ingepita. Akapima kwa utepe wake, akaandika namba ukutani kwa penseli. Matofali yanapatikana palepale barabarani, akasema, kesho saa nne yatakuwa yamekaa.

Rukaiya akatoka koridoni. Mama Mdogo alikuwa amesimama, ameegemea fremu ya mlango, macho mekundu na meno nje.

"Kuna kitu kingine," akasema Mama Mdogo. "Siku ile nilivyorudi, nilipokuuliza nimestahili nini, ulifungua mdomo. Nilikuona. Ukakimbilia chai."

Rukaiya aliangalia vidole vyake vya miguu juu ya marumaru mpya. Akajaribu. Akapumua, akafungua mdomo, akaufunga tena kama kawaida yake.

Mama Mdogo alimtazama kidogo, akatabasamu, akageuka akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Kitanda kikalalamika. Kisha sauti yake ikapita kwenye lile shimo, taratibu, kama mtu anayejisemea.

"Mie nimelala zangu chali. Sijui wenzangu huko wana neno gani."

Rukaiya akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Gaudens, aliyekuwa bado juu ya ngazi na skrubu mdomoni, alimwonyesha kwa kidole: nishuke? Rukaiya akatikisa kichwa kwamba abaki tu, akapanda kitandani, akalala chali. Kupitia shimo aliliona bati lilelile la utotoni, na tundu lile dogo la msumari lililoingiza nukta ya mwanga.

"Mama Mdogo," akaanza. "Ulinipokea sijui hata kuongea."

Akalikazia macho lile tundu la msumari.

"Hukunipeleka kwa mganga. Hukunipa kwa shangazi. Uliniuliza nimekula nini." Haya hayakuwa yale maneno ya mbele ya jokofu, na hakujali. "Kila mtu pale kazini ananiita mtaalamu, na mie kila nikivaa lile koti nasikia harufu ya vitumbua. Sijawahi kukuambia. Nyumba hii nimeitengeneza ili iseme badala yangu, halafu ikaniziba mdomo. Ahsante. Kwa yote. Ahsante sana, mama yangu."

Gaudens alikuwa ameangalia pembeni, anaisoma pakiti ya skrubu kwa makini kama barua. Bi Nusaiba, kutoka Kigamboni, alisikika akipenga kamasi.

Mama Mdogo alikohoa, na hakikuwa kikohozi cha kifua. Akaanza kusema kitu, akaacha. Akaanza tena, akaacha tena. Rukaiya alitega sikio, na polepole akaelewa, akaanza kutabasamu peke yake kitandani: kumbe na yeye.

"Ruki," ikasema ile sauti mwishowe, imelowa, juu ya ukuta.

"Abee."

"Kuna chai."